Wanaokula matumbawe ndani ya tangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofuga matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi na kushindwa na wadudu wao hawashindwi kwa kukosa dawa. Waliua wazazi, wakafurahi, wakasahau mayai. Majibu mengi hapa chini yanarudi hapo hapo, kwa hiyo ukiona nimejirudia, nivumilie.

Nitajuaje kama tumbawe langu linaliwa, au ni maji tu yameharibika?

Anza na majirani zake. Mlaji wa matumbawe mara nyingi ni mchaguzi: anayekula Acropora (tumbawe la matawi) haigusi Montipora (tumbawe ambalo mara nyingi huota bapa) iliyo sentimita mbili pembeni, na anayekula zoantidi (jamaa laini wa matumbawe) hana haja na wengine. Matumbawe ya aina moja yakidhoofika huku mengine yananawiri, shuku mdudu. Yakinyong'onyea yote kwa pamoja, pima chumvi, joto na alkalini kabla hujamsingizia yeyote.

Kisha angalia jeraha lilikoanzia. Mwanga mkali huunguza upande unaotazama taa. Joto likizidi, tumbawe hupauka karibu lote, na ukisogea karibu utaona polipi (vijinyama vyenye minyiri vinavyounda tumbawe) bado zipo, ila zimepoteza rangi. Wadudu wao hupenda kivuli: chini ya bapa la Montipora, kwenye shina la Acropora, upande ulioelekea mwamba. Huko ndiko utakakokuta madoa ya duara yaliyopauka, au ukingo mweupe unaosogea kila baada ya siku mbili tatu. Piga picha leo, piga nyingine keshokutwa ukiwa umesimama palepale. Macho husahau, picha haisahau.

Nimechungulia mchana kutwa, sijaona kitu. Niamini kwamba tangi ni safi?

Usiamini. Wengi wao hutoka usiku. Subiri saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, chukua tochi yenye mwanga mwekundu (funika tochi ya kawaida kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, inatosha), uangalie mashina na sehemu za chini. Mwanga mweupe huwafanya wajifiche kabla hujawatambua.

Mchana, tumia pipeti kubwa kupuliza maji kwa nguvu kwenye tumbawe. Kinachobanduka na kuelea kikijikunja kama kipande cha ute huenda si ute. Kama tumbawe linatoka, litoe, litikise ndani ya bakuli jeupe lenye maji ya tangi, halafu chunguza bakuli kwa kioo cha kukuzia. Bakuli jeupe limewaumbua wadudu wengi kuliko dawa yoyote niijuayo.

Madoa meupe ya duara kwenye Acropora ni nini?

Hayo ni alama za meno ya mnyoo bapa wa Acropora, ingawa meno hana. Wanasayansi walimwelezea rasmi mwaka 2011 kwa jina Amakusaplana acroporae, kisha akahamishiwa jenasi nyingine, na sasa anaitwa Prosthiostomum acroporae. Anakula Acropora tu. Ni bapa kama jani, nusu uwazi, na kwa kuwa anameza rangi ya tumbawe pamoja na mwani unaoishi ndani yake, anafanana nalo kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako: unaweza kumtazama usoni ukadhani unatazama tumbawe. Kwa hiyo watu humgundua kwa alama zake kabla ya kumwona mwenyewe. Tumbawe hupoteza mng'ao, polipi hazitoki vizuri, kisha shina linaambuka ngozi kutoka chini kwenda juu.

Mayai hutagwa kwenye mfupa mtupu, palepale ngozi hai inapoishia. Yanaonekana kama mabaka ya chembe ndogo za kahawia au rangi ya dhahabu iliyofifia, zimebanwa pamoja. Ukiyaona, huna haja ya ushahidi mwingine.

Matibabu yake ndiyo kipimo cha subira. Toa kila Acropora kwenye tangi, hata ile unayodhani ni nzima. Zioshe kwa josho la dawa, nitaeleza hapa chini, kisha zipulizie pipeti kwa nguvu zikiwa ndani ya josho hadi kisidondoke kitu. Kwangua mayai kwa mswaki mgumu au kisu, au, njia niipendayo zaidi, kata tumbawe juu ya eneo lililokufa, utupe shina lote pamoja na kitako chake (kile kipande kilichogundishiwa tumbawe), na ugundishe kipande kizima kwenye kitako kipya. Rudia josho kila baada ya siku 5 hadi 7 kwa wiki 6 angalau. Mayai huchukua wiki kadhaa kuanguliwa. Maji yakiwa na joto zaidi huanguliwa upesi, yakiwa baridi huchelewa. Nia ya ratiba ni kumkamata kila aliyeanguliwa kabla hajafika umri wa kutaga.

Josho linafanywaje hasa?

Naliita josho kwa sababu kazi yake ni ileile ya josho la mifugo: unamtumbukiza mwenye kupe ili kupe wafe, yeye abaki. Na kama kwa mifugo, ukizidisha dawa au muda, unamuua unayemtibu.

Andaa vyombo vitatu. Cha kwanza kina maji ya tangi na dawa. Cha pili na cha tatu vina maji ya tangi matupu ya kusuuzia. Vyote viwe na joto na chumvi sawa na tangi. Tumbawe linalotoka nyuzi 26 na kuingia nyuzi 21 litapata mshtuko, nawe utailaumu dawa bure. Weka pampu ndogo au puliza kwa pipeti muda wote, kwa sababu dawa iliyotulia haifiki kwenye mikunjo. Muda wa kawaida ni dakika 5 hadi 15, lakini fuata maelekezo ya dawa uliyonayo. Maji yaliyotumika kwenye josho yasirudi tangini hata tone.

Kabla ya kuchovya, kagua kama kuna kaa wadogo kati ya matawi. Watoe kwanza, sababu utaiona kwenye swali la kaa.

Nitumie dawa gani?

Kuna makundi manne utakayokutana nayo. Dawa za mafuta ya mimea, hasa ya msonobari, huuzwa tayari kwa kazi hii. Huwalegeza minyoo bapa na konokono wasio na gamba hadi wakaachia. Kloridi ya potasiamu hufanya kazi inayofanana na hiyo na wakulima wengi wa matumbawe wanaipenda. Iodini inafaa zaidi kwa majeraha na maambukizi kuliko kwa wadudu. Nimeona watu wakiitegemea dhidi ya minyoo bapa na kushangaa minyoo ikiogelea humo kwa raha.

Kundi la nne ni viuatilifu vya bustani vyenye imidaklopridi na siflutrini. Vinaua wadudu wengi wa matumbawe, ndiyo, na ndiyo maana vinatajwa kila mahali. Lakini havikutengenezwa wala kusajiliwa kwa kazi hii, na siflutrini ni sumu kali kwa samaki, kamba na kaa hata ikiwa kidogo sana. Ukiamua kuvitumia, vaa glavu, fanyia kazi mahali penye hewa, suuza mara tatu badala ya mara mbili, na maji yale usiyamwage kwenye mtaro unaoishia mtoni au baharini. Mimi binafsi huanza na dawa za mafuta au potasiamu.

Chochote utakachochagua, jaribu kwanza kipande kimoja usichokionea uchungu. Kikiamka vizuri siku ya pili, endelea.

Mbona nilichovya vizuri na wamerudi?

Mayai. Ganda la yai halipitishi dawa hizi, na hakuna josho la kawaida unaloweza kulitegemea kuyaua bila kuliua tumbawe. Josho moja ni sawa na kufyeka magugu bila kung'oa mizizi. Au pengine uliacha tumbawe moja lililogundishwa mwambani kwa sababu ulionea shida kuling'oa; hilo moja ndilo limewalea wote.

Montipora yangu inaliwa kutoka ukingoni. Sioni mnyoo bapa wowote.

Igeuze. Utakachokuta huko chini huenda ni konokono asiye na gamba, mweupe, mwenye vinyweleo vingi mgongoni vinavyomfanya afanane na kipande kidogo cha pamba. Ana urefu wa milimita chache tu. Ni wa jenasi Phestilla, ambayo kila spishi yake imejichagulia tumbawe lake: wapo wa Porites, wa Goniopora, na Phestilla melanobrachia anayekula matumbawe ya jua, Tubastraea, na kuchukua rangi yao ya machungwa.

Huyu wa Montipora anasumbua kuliko mnyoo bapa kwa sababu anazaana haraka na mayai yake, vifurushi vyeupe, yamefichwa chini kabisa na kwenye mianya ya kitako. Josho kila baada ya siku 4 au 5 kwa mwezi mzima na zaidi. Tupa vitako vya zamani. Montipora iliyotambaa mwambani haina tiba rahisi: ama utoe mwamba wenyewe, ama ulibandue tumbawe lote ubaki na vipande unavyoweza kuvichovya. Ukiona ni wachache, kibano na subira ya kila usiku vinapunguza idadi, ila sijaona vikiwamaliza.

Kuna vidoa vidogo vya njano vinavyokimbia kwenye Acropora. Ni vumbi?

Vumbi halikimbii. Huyo ni Tegastes acroporanus, kiumbe wa jamii ya krasteshia (jamaa ya kamba na kaa), mwenye mwili wa njano na doa jekundu, urefu wake kama nusu milimita. Hupendelea Acropora zenye ngozi laini. Akiwa mmoja mmoja tumbawe linastahimili. Wakijaa, rangi hufifia, polipi hufunga na ukuaji husimama.

Habari njema ni kwamba jike hubeba mayai yake mwilini, hayabandikwi mwambani, na bila Acropora hawaishi muda mrefu. Dawa iliyozoeleka ni milibemisini, ile inayotumika kuwakinga mbwa dhidi ya minyoo ya moyo, inayopatikana kwa daktari wa mifugo. Inatiwa kwenye tangi zima kwa saa chache, kisha maji hubadilishwa kwa wingi na mkaa wa kuchujia huwekwa. Zoezi hurudiwa, kwa kawaida mara tatu. Ubaya wake: haichagui. Kamba wako, kaa wako na vidudu vyote vidogo vya jamii hiyo ambavyo samaki wako huvila vitakufa pia. Waliokuwa na vipande vichache hupata nafuu zaidi kwa kuvitibu ndani ya ndoo.

Zoantidi zangu zimefunga wiki nzima.

Watatu ndio washukiwa wakuu. Wa kwanza ni konokono asiye na gamba anayekula zoantidi na kuvaa rangi yao, hadi vinyweleo vyake vinafanana na minyiri ya polipi. Wa pili ni buibui bahari, mwembamba, miguu mirefu, anayejipenyeza kati ya mashina na kufyonza. Wa tatu ni konokono Heliacus, mwenye gamba la mviringo lililobapa, lenye mistari ya mzunguko kama ngazi. Huyo unamchomoa kwa vidole na shughuli imekwisha. Wawili wa kwanza wanahitaji josho na kibano, pamoja na kutafuta mikanda ya mayai iliyojisokota kwenye mashina.

Tahadhari isiyo na mzaha: baadhi ya zoantidi, hasa Palythoa, zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazotoka baharini. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho unapozisugua au kuzikata, usizishike ukiwa na jeraha mkononi, na kamwe usichemshe mwamba wenye zoantidi ili kuusafisha. Mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.

Viti vya pweza wadogo wamejaa kwenye kioo. Wanakula matumbawe?

Mara nyingi hapana. Wale wadogo wa Asterina wengi wao hula utando wa mwani. Wapo wachache wanaoshambulia zoantidi au ule mwani mgumu wa waridi unaofunika mwamba. Kigezo ni kimoja: je, umemkuta juu ya ngozi hai, na alipotoka pamebaki doa? Kama ndiyo, mtoe. Huzaana kwa kujigawa, kwa hiyo usimkate ukamwachia vipande vyake tangini. Kuna kamba mrembo sana, Hymenocera picta, anayekula viti vya pweza pekee. Atawamaliza, halafu atakufa njaa usipomtafutia wengine. Mimi naona si haki kumleta kiumbe kwa kazi ya mwezi mmoja.

Na minyoo yenye nywele?

Iache. Inakula mizoga na mabaki ya chakula. Ukiikuta juu ya tumbawe linalokufa, imefika mazishini, haikuua. Mlaji halisi ni Hermodice carunculata, mkubwa, mwenye vishada vyeupe vya nywele na nyama nyekundu, na huyo ni nadra tangini. Usishike yeyote kati yao kwa mkono mtupu, nywele zao huchoma na kubaki ndani ya ngozi.

Nimekuta kaa ndani ya tumbawe. Nimuue?

Subiri kwanza! Kaa wa jenasi Trapezia, anayeishi ndani ya Pocillopora na Stylophora, na Tetralia, anayeishi ndani ya Acropora, ni walinzi. Baharini Trapezia humfukuza hata yule kiti cha pweza mkubwa mwenye miiba, Acanthaster, kwa kumbana miguu. Ni laini, wanang'aa, hawana nywele. Kaa wa kuwahofia ni yule mwenye manyoya mengi na makucha yenye ncha nyeusi, anayetoka mwambani usiku. Mtege kwa glasi iliyoegemezwa mwambani yenye kipande cha nyama ya kamba ndani: anaingia, hawezi kupanda kutoka.

Aiptasia inakula matumbawe?

Hapana. Ni anemoni mdogo anayeota kama gugu tangini; haiyali matumbawe, lakini inayachoma hadi yanarudi nyuma, na mwenye tangi haoni tofauti. Usiikate wala usiikwangue. Kipande kidogo cha mguu wake kinatosha kuota upya. Kwa chache, chokaa iliyokorogwa ikawa uji mzito, ikadungwa mdomoni kwa sindano huku pampu zimezimwa. Kwa nyingi, kuna konokono asiye na gamba, Berghia stephanieae, anayekula Aiptasia na si kingine. Yaani jamii ileile inayotutesa kwenye Montipora inatuokoa hapa.

Kuna samaki wa kuniondolea kazi hii?

Wa kukupunguzia, wapo. Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo mwenye mistari sita, na Halichoeres chrysus wa njano huzunguka matawini siku nzima wakidokoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba huyo wa mistari sita hupunguza minyoo bapa ya Acropora, na kwamba kamba Lysmata vittata hula mayai yao, jambo ambalo dawa haiwezi. Hata hivyo samaki hafiki chini ya kitako. Mchukulie kama mlinzi wa lango baada ya wewe kufagia nyumba. Halichoeres anahitaji mchanga wa kulalia, tangi lifunikwe kwa wavu kwa sababu wote wawili huruka, na wa mistari sita akizoea mahali hugeuka mgomvi kwa wageni wadogo.

Na kabla ya kuongeza samaki, hakikisha mlaji si samaki uliye naye. Samaki vipepeo wengi wa Chaetodon wanaishi kwa polipi, na Centropyge, samaki malaika mdogo, anaweza kukaa mwaka mzima kwa adabu kisha siku moja akaonja.

Minyoo myekundu imetanda kila mahali. Niwahi kumwaga dawa?

Ile midogo ya rangi ya kutu, Convolutriloba, haili tumbawe. Inalifunika na kulinyima mwanga. Hatari yake iko kwenye kifo: wakifa wengi kwa mpigo hutoa sumu inayoweza kuua samaki. Fyonza kwa mpira mwembamba kadiri uwezavyo kwa siku kadhaa, ndipo utie dawa, ukiwa na maji mapya yameshaandaliwa na mkaa pembeni.

Nikitoa Acropora zote, tangi litajisafisha lenyewe?

Kwa wadudu wanaokula aina moja tu, ndiyo, na hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Hamishia Acropora zote kwenye tangi la pembeni, uzichovye huko kwa ratiba, na acha tangi kuu likae bila hata kijiti kimoja cha Acropora kwa wiki 6 hadi 8. Mayai yaliyobaki mwambani yataanguliwa, watoto watakosa chakula, watakufa. Kagua vizuri: kijiti kilichovunjika na kuota nyuma ya mwamba kinatosha kuharibu zoezi lote. Nilipoteza wiki saba kwa kijiti cha ukubwa wa ukucha.

Tumbawe jipya lifanyiwe nini?

Litoe kwenye kitako chake siku hiyohiyo na kitako ukitupe, maana mayai mengi husafiri hapo. Lichovye. Kisha likae karantini wiki 4 hadi 6, kwenye tangi dogo lenye taa, kipasha joto, pampu na kuta tupu zisizo na mwamba, na ulichovye tena kila wiki. Tangi la karantini halihitaji urembo. Linahitaji maji yasiyoyumba. Pipeti, kibano na ndoo za huko zisivuke kuingia tangi kuu. Aliyekuuzia akisema ameshalichovya, mshukuru, kisha lichovye.

Lini nikubali kulitupa tumbawe?

Ngozi ikibaki chini ya robo na mayai yamejaa kila mwanya, kata ncha mbili tatu zilizo safi na uache lingine liende. Lisitupwe baharini wala mtoni, hata kama linatoka huko. Lianike juani hadi likauke kabisa, wadudu na mayai vikauke nalo, ndipo litupwe kwenye taka. Zile ncha tatu ziandikie tarehe. Josho la kwanza leo, la pili baada ya siku 5.